Shajara ya apu ya dagaa: safari 201 za kwenda Frankfurt

Jumatatu usiku

Naanza kuandika haya maana nimechoka kubadilisha kitu leo halafu kesho nimesahau nilibadilisha nini. Mradi wenyewe ni huu: kina mama wa mwalo wa Igombe, Mwanza, wananunua dagaa kwa matajiri wa boti, wanaanika, wakikauka wanapeleka Mwaloni pale Kirumba wanauza kwa gunia. Miaka yote hesabu zilikuwa kwenye daftari la kaunta, boti gani imeleta ndoo ngapi, nani kalipwa, nani bado anadai. Mi nikawatengenezea apu ya simu, nyuma yake kuna Django (mfumo wa Python wa kutengenezea apu) na PostgreSQL (databesi, ndo inatunza data), na kwenye laptopu yangu inapaa kama kipanga.

Leo asubuhi nimeenda kuiona inavyotumika kweli. Mama mwenyekiti kabonyeza "Boti", kaiweka simu juu ya chanja, kageuza dagaa upande mmoja wote, kajifuta mikono kwenye kanga, kaichukua tena, bado kile kiduara kinazunguka.

"Mwanangu, hii yako imelala."

Nikasema mama mtandao huo. Akanionyesha WhatsApp inavyofunguka palepale. Sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo wiki hii kazi ni moja tu, kushindanisha njia za kuvuta data mpaka nijue ipi inafanya kazi na ipi ni maneno ya vijiweni. Na bahati nzuri ni mbalamwezi, boti zimepumzika (dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo wavuvi wanangoja giza), hakuna anayeingiza kitu, naweza kuvuruga vitu bila kusababisha ugomvi mwaloni. Ndo nilivofikiri.

Jumanne

Kabla ya kupima chochote nimetengeneza data ya majaribio. Jedwali la mapokezi lina mistari kama elfu 38 ya kweli, nimeizidisha mara kumi ikawa laki 3 na elfu 80, boti zimebaki 100 zilezile. Hii ni muhimu kuliko nilivodhani mwanzo. Kwenye jedwali la mistari hamsini kila njia ni ya haraka, hata PostgreSQL yenyewe ukiipa jedwali dogo haigusi indeksi (orodha ya kutafutia haraka, kama ile ya nyuma ya kitabu), inasoma lote tu maana ndo rahisi, sasa mtu anaona Seq Scan (yaani limesomwa lote) anaanza kulia indeksi yangu haifanyi kazi.

Nikawasha debug toolbar, inayoonyesha kweri, yaani maswali yanayoenda databesi, nikafungua ukurasa wa boti. Kweri 201.

Mia mbili na moja! Kwa ukurasa mmoja wenye listi ya boti na jina la tajiri na pokeo la mwisho. Hesabu yake inaeleweka ukiitazama: kweri 1 inaleta boti 100, halafu kwa kila boti kodi yangu (kodi ya programu, siyo ile ya kila robo mwaka) inarudi databesi kuuliza tajiri ni nani, ndo 100 nyingine, halafu inarudi tena kuuliza pokeo la mwisho lini, 100 tena. Mi sikuandika kweri 201, niliandika kitanzi (kodi inayorudia kazi ileile kwa kila boti) kimoja kizuri cha mistari minne na nikajisifia. ORM (sehemu ya Django inayogeuza Python kuwa kweri) ndo inakufanyia hivo kimyakimya, ukigusa `boti.tajiri.jina` yenyewe inakimbia kuchukua, haikuulizi.

Sasa mbona laptopu inapaa? Kwa sababu kwenye laptopu databesi na kodi wanalala kitanda kimoja, kweri ndogo haifiki hata milisekunde moja. Kule hewani nilichukua seva ya bei ndogo London, na databesi nikaiona ya bure Frankfurt nikasema isiwe tabu, Ulaya ni Ulaya. Nimepima leo, kwenda na kurudi kati yao ni milisekunde 14. Zidisha na 201, unapata milisekunde 2,814. Karibu sekunde 3 zimeliwa na njia tu, databesi yenyewe haijatoa jasho.

Mi nimepanga juu kule Mabatini, kwenye mawe, na maji tunapandisha wenyewe kutoka chini. Ukipandisha kwa ndoo ya lita 20 unachoka mara moja. Mi nilikuwa napandisha kwa kikombe, vikombe 201, halafu nalalamika kikombe ni kidogo.

Jumatano

Dawa ya kwanza ilikuwa `select_related('tajiri')`. Neno moja tu, Django inafanya JOIN (inaunganisha majedwali), boti na tajiri wake wanakuja pamoja. Kweri zikashuka kutoka 201 hadi 101, muda ukashuka hadi sekunde 1.4 na ushee, yaani 101 mara 14. Hapo ndo nikaamini ugonjwa ni safari na siyo kitu kingine, maana muda unafuata idadi ya safari kama kivuli.

Jamaa ninayeshea naye meza huku mjini yeye ni muumini wa SQL (lugha ya databesi) ya kuandika kwa mkono. Kila ukimwambia kitu kipo taratibu anajibu "toa hiyo ORM bro". Nikasema poa, tupime, nimechoka ubishi. Nikachukua kweri ileile ya JOIN, moja kupitia ORM, nyingine nimeiandika mwenyewe herufi kwa herufi, kila moja mara 30, nikachukua ya katikati siyo wastani (ya kwanza huwa inasoma kutoka diski, zinazofuata zinakuta data ipo kwenye memori tayari, ukichanganya zote kwenye wastani unajidanganya). Na DEBUG (hali ya kusakia makosa) nikaizima, maana ikiwa imewashwa Django inaweka kumbukumbu ya kila kweri na hiyo nayo ni gharama.

Kwa mistari 100 tofauti ilikuwa milisekunde moja hivi. Moja! Kwa mistari elfu 20 hapo ndo ORM ikaonekana mzito, ila siyo kwa sababu ya SQL yake, SQL ni ileile, ni kwa sababu inageuza kila mstari kuwa objekti kamili ya Python. Nikaweka `.values()` ilete dikshonari za kawaida, safu nne tu ninazozitaka, pengo likabaki dogo la kuvumilika. Jamaa kasema "ila bado ipo juu". Sawa bro, ipo juu.

Huwa nafikiria yule Codd aliyeandika ile makala ya databesi za mahusiano mwaka 1970 akiwa IBM, wazo zima lilikuwa mtu aseme anataka nini, mashine itafute yenyewe namna ya kukifikia. Miaka zaidi ya hamsini baadaye mi nimekaa nazungusha kitanzi cha Python namfundisha mashine kuchota kimoja kimoja.

Alhamisi

Siku mbaya, ngoja niiandike kwa ufupi kabla sijalala.

Zilibaki zile kweri 100 za pokeo la mwisho. Kila mtu mtandaoni anakwambia uhusiano wa moja kwa wengi (boti moja, mapokezi mengi) dawa yake ni `prefetch_related`, nikaweka. Kweri zikawa 2. Mbili tu! Nikapiga kofi la meza. Nikasukuma kwenye seva ya majaribio, nikafungua ukurasa, nikangoja, nikangoja, halafu seva ikafa. Siyo kuchelewa, kufa kabisa, memori GB 1 imejaa, mfumo ukaua mchakato.

Kumbe prefetch inafanya nini, kweri ya pili inasema niletee mapokezi YOTE ya hizi boti 100. Yote ni laki 3 na elfu 80. Mi nataka moja la mwisho kwa kila boti, yaani mistari 100, yenyewe imebeba ghala zima ikaja kulimwaga kwenye chumba changu cha kupanga. Safari zimepungua ni kweli, ila sasa nimeagiza fuso kwa ajili ya kilo moja ya dagaa.

Kwa data ya kweli ya elfu 38 ingepita. Ingepita, ningeshangilia, na mwaka kesho kutwa ingekuja kufa nikiwa nimeshasahau hata nilivoandika. Ile data ya kuzidisha mara kumi imeshalipa gharama yake leo.

Halafu umeme ukakatika saa 3 usiku, laptopu ina asilimia 11. Lala.

Ijumaa

Leo ndo nimefurahi.

Swali ni moja: pokeo la mwisho kwa kila boti, kwa kweri moja, bila kubeba ghala. Nimeshindanisha njia mbili.

Ya kwanza ni DISTINCT ON, kitu cha PostgreSQL yenyewe: panga kwa boti na tarehe kurudi nyuma, kisha chukua wa kwanza wa kila boti. Fupi, nzuri kusoma. Nikaipima na EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha mpango wa databesi na muda wake (angalizo kwa anayeiga, hiyo ANALYZE inaiendesha kweri kweli, usije ukaiweka mbele ya DELETE ukidhani ni mazoezi). Inapita mistari yote laki 3 na elfu 80, inapanga, halafu inatupa karibu yote. Milisekunde mia tatu na kitu. Siyo mbaya, ila kila mwezi mistari ikiongezeka na yenyewe itaongezeka.

Ya pili ni Subquery na OuterRef, yaani kweri ndani ya kweri: kwa kila boti, nenda chukua pokeo moja la juu kabisa. Mara ya kwanza ilikuwa mbovu kuliko ile! Nikakaribia kuifuta. Halafu nikasoma mpango vizuri nikaona, indeksi ipo, Django yenyewe inaweka indeksi kwenye kila ForeignKey, safu inayoelekeza jedwali jingine (PostgreSQL peke yake haiweki, wengi wanachanganya hapo), ila ni ya boti tu. Kwa hiyo databesi inaifikia boti haraka, inakuta mapokezi 3,800, inayasoma yote ili ajue la mwisho lipi, kisha boti inayofuata hivohivo.

Nikaongeza indeksi ya pamoja, boti kwanza halafu tarehe kurudi nyuma. Mpangilio huo una maana yake: kile unachokitafuta kwa usawa kinatangulia, kile unachokipanga kinafuata. Ni kama daftari la mwenyekiti, kila boti ina kurasa zake na pokeo jipya lipo juu, unafungua ukurasa wa boti, unasoma mstari wa kwanza, unafunga. Ukigeuza ukaanza na tarehe inabidi upekue usiku wote wa ziwani kutafuta boti moja.

Matokeo: milisekunde 2 upande wa databesi. Weka njia ya 14, jumla 16. Kutoka 2,814. Nimeendesha mara 30 nikidhani nimekosea.

Kwa hamu hiyo nikasema ngoja na ripoti ya madeni nayo niinyooshe usikuusiku. Jumla ya ndoo na jumla ya malipo kwa kila boti, annotate moja (inabandika hesabu kwenye kila boti), Sum mbili (za kujumlisha), kweri moja. Haraka vilevile. Nimesukuma mpaka kwa kina mama, maana nani atatumia, si mbalamwezi.

Jumamosi, Igombe

Mbalamwezi ndo wakati wa kufunga mahesabu. Hilo nilitakiwa nilijue. Boti hazipo majini kwa hiyo matajiri wapo nchi kavu, na wakiwa nchi kavu wanakuja kudai.

Nimefika saa 4, mwenyekiti kakaa kwenye kiti cha plastiki, tajiri mmoja mzee kakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, daftari lipo kwenye mapaja, simu ipo juu ya daftari. Shikamoo mama, marahaba, shikamoo baba, akaitika kwa mbali.

"Baba," mwenyekiti ananiita mi, "mzee hapa apu yako inasema nimemlipa laki saba na nusu. Yeye anasema kapokea laki mbili na nusu. Na daftari linasema laki mbili na nusu."

Mzee akasema, "Na ndoo zangu zimekuwa sitini. Mi nilileta thelathini. Hizo thelathini nyingine kavua nani?"

Akacheka peke yake. Mi jasho.

Nikakaa chini palepale nikaomba daftari. Boti ile kwa mwezi huu ina mapokezi matatu: ndoo 10, ndoo 8, ndoo 12. Jumla 30. Ina malipo mawili: laki 1 na laki 1 na nusu. Jumla laki 2 na nusu. Nikazitazama hizo namba na zile za apu mpaka ikaniingia: 30 imekuwa mara mbili, laki mbili na nusu imekuwa mara tatu. Mapokezi matatu, malipo mawili.

Ile kweri yangu moja ya haraka ilikuwa imeunganisha boti na mapokezi NA malipo kwa mkupuo. JOIN ikikutana na matatu upande huu na mawili upande ule inatoa mistari sita, kila pokeo limeandikwa mara mbili, kila malipo yameandikwa mara tatu, halafu Sum kama mtumwa mwaminifu inajumlisha kila inachokiona. Hakuna kosa jekundu, hakuna onyo. Na hii kitu imeandikwa kabisa kwenye nyaraka za Django, kwamba ukichanganya jumla za majedwali mawili kwenye annotate moja majibu yatakuwa ya uongo. Nilishawahi kuisoma hata. Nilisoma nikaona ni ya watu wengine.

Mwenyekiti hakunigombeza. Kasema tu "rekebisha, sisi tutatumia hili kwanza," akagonga daftari na kidole. Ile imeniuma kuliko angenigombeza. Nimeirudisha ripoti ya zamani, ile ya pole pole, nikiwa nimekaa kwenye mchanga kwa bando la simu.

Jumapili

Nimeandika upya. Kila jumla sasa ina Subquery yake, ndoo zinajumlishwa kivyake, malipo kivyake, zinakutana kwenye boti zikiwa tayari namba mojamoja. Bado ni kweri moja, safari moja. Imechukua milisekunde 40 hivi badala ya 25 ya ile ya uongo.

Nimebadilisha pia namna ya kushindanisha. Mwanzo nilikuwa na safu mbili kwenye jedwali langu la matokeo: njia, na muda. Sasa ya kwanza kabisa ni "majibu sawa?", inalinganishwa na kitanzi kile cha kizamani cha kweri 201 ambacho ni kizembe ila hakijawahi kusema uongo. Njia ikikosa hapo muda wake siuandiki hata. Na kwenye majaribio nimeweka `assertNumQueries` inayohesabu kweri, mtu akija kurudisha kikombe (mtu huyo ni mi) jaribio linagoma.

Jumanne

Jana sikugusa kitu, nilikuwa na kazi ya mtu mwingine.

Leo ukurasa wa historia. Huu unapangwa kwa tarehe, mistari 25 kwa mara moja, na nilitumia OFFSET (ruka mistari kadhaa, nipe inayofuata) kama wote. Kurasa za mwanzo hamna shida. Ukishuka chini kabisa, OFFSET 300000, databesi inasoma mistari laki 3, inaitupa, halafu inakupa 25. Haina namna ya kuruka, lazima ihesabu. Na kuna lalamiko la zamani la kina mama nililokuwa nalipuuza, "dagaa wanajirudia", yaani pokeo lilelile linaonekana mwisho wa ukurasa huu na mwanzo wa unaofuata. Siyo jini, ni kwamba wakati unasoma ukurasa wa kwanza mtu kaingiza pokeo jipya juu, kila kitu kimesogea hatua moja chini, OFFSET inahesabu kutoka juu bila kujua.

Nimebadili: simu inakumbuka tarehe na namba ya mstari wa mwisho iliouona, inaomba mistari 25 iliyo nyuma ya hapo. Namba ya mstari lazima iwepo pamoja na tarehe maana usiku mmoja boti nyingi zinaleta, tarehe peke yake inaweza kumeza mistari katikati. Muda sasa ni uleule juu au chini kabisa, na hamna kujirudia. Unachopoteza ni kuruka moja kwa moja ukurasa wa 57, ila sijawahi kuona mtu Igombe anataka ukurasa wa 57, wanataka "za giza lililopita".

Kwenye listi ya wanachama nimeiacha OFFSET. Ni watu 60. Sina muda.

Alhamisi

Jamaa wa mezani kanishauri keshi, hifadhi majibu ya madeni dakika 10, databesi isisumbuliwe. Kwa ripoti ya miezi iliyopita nimekubali, giza la mwezi wa tatu halibadiliki tena. Kwa madeni ya leo nimekataa. Dakika 10 mwaloni ni muda wa mtu kulipwa, kugeuka, na kudai tena kwa sababu skrini bado inaonyesha anadai. Nimeshaonja Jumamosi.

Mwisho kabisa ndo nimehamisha databesi London, ikae jirani na seva. Njia kati yao sasa haifiki milisekunde 1. Ningeanza na hili Jumanne ile ningeona kila kitu kimepona, kweri 201 zingepita kimya, nisingegundua lolote. Imebaki njia ya kutoka simu ya Igombe mpaka London, kama milisekunde 200 kwenda na kurudi, na hiyo hata kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM iliyofika Dar mwaka 2009 haiwezi kuifuta, kwa hiyo apu inaomba mara moja tu kwa kila skrini.

Ripoti mpya ya madeni nimempelekea mwenyekiti leo jioni. Kafungua ukurasa wa yule mzee kwanza. Ndoo 30, laki 2 na nusu. Kafungua daftari, kapitisha kidole, kafungua boti nyingine, kapitisha kidole. Kafanya boti kumi na moja hivohivo bila kuongea, mi nimesimama tu kama mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu.

"Haya. Daftari naendelea nalo lakini."

Giza linaanza wiki ijayo, boti zinarudi majini. `pg_stat_statements`, inayorekodi kila kweri na muda wake, nimeiacha imewashwa.